Mwenyekiti, Achia Kipaza Sauti

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, mwongozo huu ni wako. Mtendaji wako naye ausome, na diwani akipita aonyeshwe. Umechaguliwa na watu ambao, tangu walipopanga foleni kukupigia kura Novemba 27, 2024, wengi wao hawajapata tena nafasi ya kukuambia neno lililozidi "ndiyooo".

Mikutano ya vijiji vyetu ina desturi iliyokomaa. Tangazo husema saa nne asubuhi. Wananchi hufika saa tano, mgeni rasmi saa saba. Hapo huanza utambulisho wa meza kuu, mtu kwa mtu, cheo kwa cheo, kisha kila aliyetambulishwa husimama kusalimu, na kila anayesalimu hutangaza kwamba itifaki imezingatiwa halafu huizingatia upya tangu mwanzo. Hufuata ngonjera ya wanafunzi, neno la mtendaji wa kata, neno la diwani na hotuba. Saa kumi kasorobo, jua likiwa limeshahamia usoni mwa kina mama waliokaa chini, ndipo mwenyekiti husema muda umetutupa mkono, kwa hiyo maswali yatakuwa matatu: moja la kina baba, moja la kina mama, moja la vijana, na yawe mafupi. Kijiji chenye visima viwili vilivyokufa, ugomvi wa malisho na darasa lisilo na paa kinatakiwa kijieleze kwa maswali matatu mafupi.

Sheria haikukutuma hivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287, inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu katika sera za kijiji. Unapaswa kukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe hao, mmoja mmoja au wote. Katiba nayo, ibara ya 146, inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Siku ya mkutano mkuu, basi, wenyeji ni wale waliokaa chini, nawe na meza yako yenye kitambaa cha maua ndio mliokaribishwa.

Tuanze na kalamu, maana nafasi ya mwananchi kusema hupatikana au hupotea kabla hata kipaza sauti hakijaazimwa kwa mwenye muziki wa harusi. Chukua ajenda ya mkutano uliopita. Kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari, yatokanayo, mapato na matumizi, taarifa za kamati, neno la mgeni, mengineyo, kufunga. Wananchi wako wapi hapo? Wamesukumwa kwenye mengineyo, pamoja na tangazo la mbuzi aliyepotea. Watoe huko. Andika hoja za wakazi mara tu baada ya yatokanayo, uzipe saa nzima, na mgeni azungumze baada yake. Usihofu kwamba atakasirika. Atakuwa amewasikia wenye kijiji, na hotuba yake itafupika yenyewe, kwa sababu mradi aliokuja kuusifu utakuwa umeshaelezwa na wanaoamka alfajiri kuuchotea maji.

Halafu tazama kalenda, ile ya kijiji, siyo ile ya ofisini. Usiite mkutano siku ya gulio. Usiuite Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na kama una Wasabato, Jumamosi nayo iache. Kipindi cha palizi usiwaite watu asubuhi, kwani atakayekuja ni yule asiye na shamba. Uliza kina mama saa gani wametoka kisimani na kabla ya saa gani lazima wawe jikoni. Jibu lao ndilo saa ya mkutano. Ukipanga saa inayowafaa wanaume waliokaa kijiweni tangu asubuhi, utapata maoni ya kijiwe, na maoni ya kijiwe umeshayasikia bure ukipita njia.

Tangazo litoke siku saba kabla, na liwe na kitu ndani yake. "Mnatangaziwa mkutano, kutohudhuria ni kosa" ni kitisho. Tangazo la kweli linasema tutaamua nini: eneo la malisho upande wa mto, mchango wa choo cha shule, mkandarasi wa barabara anayetaka kuchimba kifusi kwenye mlima wetu. Mtu akijua litakalojadiliwa, atalala nalo, atalizungumza na mkewe, atamuuliza jirani, na atakuja na hoja iliyoiva. Libandike kwenye ubao wa matangazo, lakini usiishie hapo, kwani ubao wenyewe uko nyuma ya ofisi inayofungwa saa sita. Litangazwe msikitini, kanisani, kilabuni, mashineni wanakosaga nafaka, na wenyeviti wa vitongoji wakutane na watu wao kwanza.

Majirani zetu wa Kenya walifundishwa jambo hili mahakamani. Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, tozo zake zote, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba serikali inapaswa kuwafikia watu pale wanapokutana: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, redioni kwa lugha wanazozielewa. Katiba yao ya 2010, ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti kufanya kazi yake hadharani na kuwashirikisha watu. Na kaunti ya Makueni, chini ya gavana Kivutha Kibwana, ilipata sifa kwa kuanzia chini kabisa, vijijini, hoja zikapanda hatua kwa hatua hadi kaunti. Sisi mkutano wa kijiji tunao katika sheria tangu ile ya vijiji ya mwaka 1975. Hatuna sababu ya kushindwa kuutangaza.

Sasa mapato na matumizi, na hapa nakuomba ukae vizuri, kwa sababu mikutano mingi hufia hapa. Mtendaji husimama na daftari. Husoma haraka, sauti ikiwa chini, takwimu zikifuatana bila kituo: bakaa, ruzuku, mapato ya ndani, jumla kuu. Akifika jumla kuu wazee wameshasinzia. Huulizwa kama kuna swali. Hakuna swali, maana hakuna aliyeshika hata tarakimu moja. Muhtasari huandikwa kwamba taarifa ilipokelewa na kupongezwa.

Fanya hivi. Siku saba kabla ya mkutano, andika hesabu hiyo kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, kwa Kiswahili ambacho fundi baiskeli anakielewa, ubandike sehemu tatu. Usiandike "michango mbalimbali". Tuseme kijiji kina kaya 400, na kila kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa ajili ya choo cha shule. Hizo ni shilingi 2,000,000, na kila mtu anaweza kuzihesabu kwa vidole. Andika zilizoingia, kaya ambazo hazijatoa na sababu zake, saruji mifuko mingapi na kwa bei gani, fundi alilipwa nini, kilichobaki kiko wapi na nani ameweka saini benki. Mwananchi aliyeisoma karatasi hiyo kwa siku saba atakuja na swali la maana: mbona saruji ya dukani kwa jirani ni bei ya chini kuliko hii? Swali hilo ni zawadi kwako, mwenyekiti. Kama wewe ni mwaminifu, limekupa nafasi ya kujisafisha mbele ya kijiji kizima. Kama kuna aliyekuzunguka, umemjua mapema kabla mkaguzi hajakujua wewe.

Na mtu akija ofisini katikati ya wiki kuomba kuona hesabu, usimwambie arudi mtendaji atakapokuwepo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi iliyoombwa ina siku 30 za kumjibu. Hesabu ya choo haihitaji siku 30.

Siku ya mkutano ikifika, punguza meza. Sina ugomvi na maua ya plastiki wala chupa za maji; ugomvi wangu ni kwamba watu wa meza wako kivulini na watu wa kijiji wako juani, na anayetaka kusema anatakiwa atembee hatua thelathini mbele ya macho yote hadi kwenye kipaza sauti kilichoshikwa na mgambo. Hata mtu mwenye kifua hulegea njiani. Kaeni wote chini ya mwembe mmoja. Kipaza sauti kimfuate mwananchi alipo, kishikwe na kijana asiye na sare. Mkazi mwenye kiti cha magurudumu au asiyeona vizuri awekewe nafasi mbele, mahali pasipo na mashina. Salamu za chama zibaki kwenye mikutano ya chama: waliokaa hapo ni wakazi wa vyama vyote na wasio na chama, na hakuna anayepaswa kuitikia kaulimbiu ndipo aulize habari za zahanati.

Anza kuwapa nafasi wale ambao kwa kawaida husikika mwisho. Wapo wazee watatu katika kila kijiji wanaojulikana kwa kusema. Waheshimu, na uwaombe wasubiri. Waanze kina mama, kisha vijana, kisha wafugaji waliohamia juzi ambao kila mgogoro wa mashamba hujadiliwa wakiwa kimya pembeni. Sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake, lakini kukaa kwenye benchi la wajumbe ni jambo moja na kupewa neno ni jambo lingine. Mama akinyoosha mkono, usimwite "mama fulani, haya tuambie kuhusu jiko". Ana shamba, ana hesabu, ana mtoto shuleni, na pengine anajua kuliko wewe ni kaya zipi hazikula jana.

Bibi akianza kwa Kisukuma au Kimasai, mwache amalize, kisha mjukuu atafsiri kwa wote. Nimemsikia mwenyekiti akimwambia mzee, "Sema Kiswahili au kaa." Mzee alikaa. Alichotaka kusema kilikuwa ni mahali mkondo wa zamani ulipopita, pale pale palipokuwa panajengwa darasa. Mvua zilipokuja mkondo ulirudi kwao.

Maneno makali yatakuja. Mtu aliyekaa miaka mitatu bila maji hawezi kuuliza habari za bomba kwa sauti ya kuimba. Atasema umekula hela. Usimjibu papo hapo, na usimwache mtendaji amjibu kwa kumuuliza kwanza jina lake kamili, kitongoji chake na balozi wake, kwa sauti ile inayomfanya mkewe amvute shati akae. Mshukuru, andika alichosema, na uombe mwenye hesabu ya maji aieleze. Kama ni uongo, hesabu itaonyesha hivyo bila wewe kupandisha mabega. Kama ni kweli, afadhali umelisikia chini ya mwembe.

Akiwepo mkuu wa wilaya, mweleze mapema utaratibu huo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, na uwezo huo ulitolewa kwa ajili ya anayehatarisha amani. Swali la bomba halihatarishi amani ya mtu yeyote. Mwananchi mmoja akiondoka mkutanoni ndani ya gari la polisi kwa sababu ya swali, kijiji hakitauliza tena kwa miaka mitano, na wewe utaongoza kwa kubahatisha muda wote huo.

Likifika suala la ardhi, punguza mwendo kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na inaitaka itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi mbele ya mkutano huo na kuzingatia maoni yake. Hata serikali inapotaka kuhamisha ardhi ya kijiji iwe ya matumizi mengine, eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ni mamlaka makubwa mno kuyamaliza kwa kusema "wanaoafiki waseme ndiyo". Sauti ya umati haihesabiki. Vijana kumi wenye vifua huweza kuitikia kwa niaba ya kitongoji.

Mwekezaji akija, na huja akiwa na kofia na fulana za bure, mwambie mkutano wa kwanza ni wa kusikiliza tu. Aeleze anataka ekari ngapi, wapi hasa, kwa muda gani, maji atayatoa wapi, na kijiji kikibadili mawazo itakuwaje. Watu waende wakaone mipaka kwa miguu, pamoja na wafugaji wanaopita hapo kiangazi. Uamuzi uwe siku nyingine. Siku hiyo ita wasioafiki kwanza, wanyooshe mikono, wahesabiwe, nao waeleze sababu kabla ya wanaoafiki kuitwa. Mtu mwenye mashaka hunyoosha mkono kwa urahisi zaidi kabla hajauona msitu wa mikono ya majirani. Idadi zote mbili ziandikwe. Na daftari la mahudhurio libaki la mahudhurio: juu ya kila ukurasa iandikwe wazi kwamba saini hii ni ya kuhudhuria tu. Kuna vijiji vimeishi na majuto kwa sababu karatasi ya mahudhurio ilionekana baadaye mjini, imebanwa nyuma ya waraka wa kukubali.

Sasa muhtasari, ambao mtendaji huuandika usiku peke yake akiwa amechoka. Usimwachie peke yake. Mwalimu mmoja au kijana aliyemaliza kidato cha nne aandike naye sambamba. Kila hoja iandikwe pamoja na aliyeitoa, kama ameridhia jina lake litajwe, jibu lililotolewa, nani ataishughulikia, na lini. Maneno "tumelipokea", "tunalifanyia kazi" na "liko kwenye mchakato" yapigwe marufuku kijijini kwako. Hayana mwenye kazi wala tarehe. Andika badala yake: pampu ya kisima cha kitongoji cha chini, mwenyekiti wa kamati ya maji, aende kwa mhandisi wilayani kabla ya tarehe 15, alete jibu la maandishi. Kabla watu hawajatawanyika, msomeeni kila mtu mliyoandika, mwenye hoja aseme kama ndivyo alivyosema. Itachukua dakika ishirini. Mtazipata kwenye utambulisho wa meza kuu.

Lililo juu ya uwezo wa kijiji lipande: kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa diwani, hadi kwenye baraza la madiwani, ambako mwananchi anaweza kwenda kukaa na kusikiliza kama hoja yake imetajwa. Lipande kwa barua yenye tarehe, na nakala ibandikwe ubaoni. Diwani akija mkutano ujao, aulizwe alipofika nayo. Majibu yaliyosema "haiwezekani" nayo yabandikwe, pamoja na sababu. Watu wazima hulivumilia jibu la hapana. Wanachochoka nacho ni kutojibiwa kabisa.

Kisha, miezi mitatu ikitimia, mkutano unaofuata uanze na yatokanayo, na yatokanayo yasomwe hoja kwa hoja. Pampu: ilienda wapi? Saruji: bei ilirekebishwaje? Yule mzee wa mkondo: darasa limehamishwa? Mkifanya hivyo mara mbili mfululizo, utaona watu wanaongezeka bila mgambo kupita majumbani, kwa sababu mtu aliyejibiwa humleta jirani yake.

Wapo wasioweza kusema hadharani hata ukiwapa dhahabu: mjane anayedaiwa na mjumbe, kijana anayemshuku mwajiri wake, mama anayepigwa. Baki nusu saa baada ya kufunga, ukae pembeni na mjumbe mmoja mwanamke, bila mtendaji na bila mgambo, usikilize.

Na ninyi wakazi, mliosoma hadi hapa mkitabasamu kwa kumfikiria mwenyekiti wenu, kazi yenu ipo pia. Miezi mitatu ikipita bila mkutano, msiishie kulalamika kijiweni. Andikeni barua kwa mwenyekiti kumtaka aitishe mkutano, nakala kwa mtendaji wa kata, diwani na mkurugenzi wa halmashauri. Tajeni Sura ya 287. Tajeni ajenda mnazotaka, mapato na matumizi ikiwa ya kwanza. Wekeni tarehe, majina, vitongoji na saini, tumeni watu wawili waipeleke ofisini, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hawajaondoka mlangoni.